Mwindaji wa Beho Beho na Maji ya Rufiji

Asimamaye gatini Nyamisati alfajiri, akingoja maji yajae ili chombo cha kwenda Mafia kiondoke, huyaona mbele yake maji mapana yenye rangi ya udongo, na ng'ambo yake mikoko iliyosongamana kama ukuta. Udongo ule haukuzaliwa Nyamisati. Mto Rufiji na matawi yake wameuchukua mbali sana: katika nyanda za Iringa na Mbeya, katika bonde la Kilombero, na katika mapori ya Liwale. Lolote litendwalo huko juu, liwe jema au baya, mwisho wake hushuka hata huku chini, likaingia katika jarife la mvuvi na katika shamba la mpunga la mjane. Ndiyo sababu leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyezikwa katika nchi ya mto huo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Maisha yake yalijaa ushujaa, yalijaa na makosa pia. Nasi twaona kwamba yanatufundisha jambo linaloihusu kila nyumba ya nchi hii iwashayo taa ya umeme.

Mtu huyo ni Frederick Courteney Selous. Jina lake wengi wanalijua, kwa maana tangu mwaka 1922 lilikuwa jina la pori kubwa kuliko yote ya hifadhi katika nchi yetu. Lakini wachache tu wanazijua habari za mwenye jina.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, katika nyumba ya watu wenye uwezo. Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika soko la hisa la mji huo, na alitumaini kwamba mwanawe atajifunza udaktari. Mtoto hakuwa na moyo huo. Mapenzi yake yote yalikuwa kwa ndege, mayai ya ndege, vipepeo na miti mirefu ya kupandwa. Alipokuwa na umri wa miaka 15, mwezi Januari 1867, alikuwa miongoni mwa watu mamia waliokuwa wakicheza juu ya barafu ya ziwa la Regent's Park. Barafu ikapasuka ghafula, na watu 40 wakafa maji. Kijana Selous hakupiga kelele wala hakukimbia. Alilala kifudifudi juu ya vipande vya barafu, akatambaa polepole kutoka kimoja hata kingine, mpaka akafika pwani. Katika maisha yake yote alionekana hivyo: mtulivu wakati wa hatari, mwenye kupima uzito wa mwili wake juu ya kitu dhaifu. Pengine laiti angeupima vivyo hivyo uzito wa bunduki yake.

Mwaka 1871, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alishuka Afrika ya Kusini akiwa na fedha kidogo na tamaa kubwa ya kuwa mwindaji wa ndovu. Mwaka uliofuata alifika mbele ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda katika nchi yake. Mfalme alimtazama kijana yule asiye na ndevu, akamcheka, akaona kwamba huyo awezaye kuwinda labda ni swala wadogo tu. Kisha akampa ruhusa aende popote. Mfalme alimdharau bure. Yaandikwa kwamba katika misimu yake mitatu ya kwanza Selous aliua ndovu 78, karibu wote akiwafuata kwa miguu, kwa sababu huko kulikuwa na mbung'o ambao huwaua farasi. Pembe aliziuza, na kwa fedha hizo akanunua baruti, nguo na chakula cha safari nyingine.

Yatupasa kuelewa biashara hiyo ilikuwa nini. Pembe ya ndovu ilikuwa mali iliyotafutwa na dunia nzima siku zile. Huko Ulaya na Marekani ilitengenezwa vishikio vya visu, vitana, vibonye vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi. Mtu aliyeketi kupiga piano katika mji wa mbali hakumwona ndovu aliyeanguka, wala hakumwona mpagazi aliyeibeba pembe begani mpaka pwani. Raha ilikuwa upande mmoja, na gharama upande mwingine, na baina yao bahari. Desturi hiyo haikufa pamoja na biashara ya pembe.

Basi jambo la kwanza la kutazama katika maisha ya Selous ni hili: mali ile ilikwisha mbele ya macho yake. Kabla hajafikia umri wa miaka 30, yeye na wenzake walikuwa wameshaona kwamba katika nchi za Wandebele na Washona ndovu wamekuwa haba, na mwindaji anayetegemea pembe hapati tena hata gharama za safari. Katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1881, aliandika habari za safari zake kwa uangalifu mwingi: mahali, siku, mnyama, mwendo wake na tabia yake. Asomaye kitabu hicho leo aona ndani yake hesabu mbili pamoja, hesabu ya maarifa inayoongezeka na hesabu ya wanyama inayopungua.

Biashara ya pembe ilipofifia, Selous alishika kazi nyingine: kukusanya ngozi na mafuvu ya wanyama kwa ajili ya nyumba za makumbusho, na kuchora ramani za nchi ambazo Wazungu hawakuzijua. Alikuwa hodari sana katika kazi hiyo, na mwaka 1893 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Alipatwa na mikasa mingi. Mwaka 1888, katika nchi ya Waila kaskazini mwa Zambezi, kambi yake ilishambuliwa usiku. Watu 12 wa msafara wake wakauawa, naye akatembea siku nyingi peke yake, akila alichopata, mpaka akaokoka. Wale 12 hawakujengewa sanamu. Historia za wasafiri wengi huandikwa hivyo, nasi tusomapo tujifunze kuwakumbuka pia wale wasiotajwa.

Hatuwezi kulificha jambo lake zito zaidi. Mwaka 1890 Selous aliingia katika utumishi wa Cecil Rhodes, akauongoza msafara wa walowezi na askari kuingia nchi ya Washona. Yeye ndiye aliyechagua njia, yapata maili 400, akiwapitisha mbali na majeshi ya Lobengula. Mfalme aliyempa ruhusa ya kuwinda alipokuwa kijana maskini akajikuta amezungukwa. Mwaka 1893 vita vikaja. Selous mwenyewe alipigana na kujeruhiwa. Lobengula akakimbia na kufa mwaka uliofuata. Mtu anaweza kuwa mkweli katika mambo madogo, mwema kwa rafiki, mvumilivu wa njaa, na hata hivyo akawa chombo cha kuwanyang'anya wenyeji nchi yao. Selous alikuwa hivyo. Tena ni haki kusema kwamba mwaka 1899, Waingereza walipokwenda kupigana na Makaburu, yeye alipinga vita hivyo waziwazi, ingawa kwa kupinga alijipatia lawama nyingi kwao.

Mwaka 1894 alimwoa Gladys Maddy, wakajenga nyumba yao Worplesdon, kusini mwa London. Kando ya nyumba aliweka jengo la kuhifadhia wanyama aliowakusanya. Lakini hakuweza kukaa. Alikwenda Uturuki, Kanada, Sudani, na mara kadhaa alikuja Afrika ya Mashariki. Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza tu kuwa Rais wa Marekani, kuitengeneza safari yake kubwa ya kuwinda, na wakasafiri pamoja katika meli moja mpaka Mombasa. Katika safari ile Roosevelt na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500. Siku hizo jambo hilo lilihesabiwa kuwa sifa.

Hata hivyo mawazo yalikuwa yameanza kugeuka, na Selous naye aligeuka nayo. Mwaka 1903 iliundwa London jumuiya ya kutetea wanyama wa porini katika makoloni ya Uingereza, naye alikuwa miongoni mwao. Wengine waliwadhihaki watu wa jumuiya hiyo, wakisema kwamba ni wachinjaji waliotubu. Dhihaka hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hatuoni kwamba ni aibu. Mtu aliyekosa akatambua kosa lake, akafanya kazi ili wengine wasikose kama yeye, huyo amefanya jambo jema. Ubaya ni kwa yule anayeona ghala linakwisha, naye azidi kuchota.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Selous alikuwa na umri wa miaka 62. Aliomba kwenda vitani akakataliwa kwa ajili ya uzee. Hakukata tamaa, na mwaka 1915 akashuka Mombasa pamoja na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha ajabu kilichojaa wawindaji, mabaharia na watu wa kila kazi. Alikuwa katika shambulio la Bukoba la mwezi Juni mwaka huo.

Wakati huohuo, katika delta ya Rufiji, karibu na vijiji vya Nyamisati na Salale, kulikuwa na kisa kingine. Meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imeingia katika mikono ya mto huo tangu mwaka 1914 na kujificha ndani ya mikoko. Ilikuwa na mizinga mikubwa na mabaharia hodari, lakini ilipungukiwa na makaa ya mawe. Meli bila makaa ni chuma kinachoelea tu. Mikoko iliisitiri muda wa miezi mingi, mpaka tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa na meli za Waingereza, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Kwa hiyo habari ya nguvu za kuendeshea mitambo na habari ya mikoko zilikutana Rufiji zamani, kabla hatujazaliwa.

Selous alipanda cheo akawa Kapteni. Katikati ya mwaka 1916 aliugua akarudishwa Uingereza kupasuliwa. Kisha akarejea tena vitani, akapewa nishani ya ushujaa. Mwanzoni mwa Januari 1917 jeshi la Waingereza lilikuwa likiwasukuma Wajerumani kuelekea mto Rufiji. Tarehe 4 Januari, mahali paitwapo Beho Beho, Selous aliinuka kutazama adui walipo, akapigwa risasi na askari mlenga shabaha, akafa palepale. Ilikuwa siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65. Alizikwa hapohapo chini ya miti, na kaburi lake lipo hata leo. Siku chache baadaye jeshi likavuka mto karibu na Kibambawe, na masika makubwa yakaanza. Mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, tarehe 4 Januari 1918, mwanawe aliyekuwa rubani wa ndege za vita naye akauawa huko Ulaya. Mama mmoja akawa na tarehe moja ya kuwalilia wawili.

Vita hivyo viliua pia maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika, kwa njaa, homa na kuhara damu. Makaburi yao hayajulikani. Kambi yao Dar es Salaam imetuachia jina moja tu, Kariakoo, ambalo wengi wetu hulitaja kila siku tuendapo sokoni bila kukumbuka asili yake.

Mwaka 1922 Waingereza waliyaunganisha mapori yaliyokuwa yamehifadhiwa tangu siku za Wajerumani, wakayapa jina la Selous. Baadaye Constantine Ionides, mhifadhi maarufu aliyejulikana pia kwa kukamata nyoka, aliyapanua sana. Lakini upanuzi huo haukuwa wa bure. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa upande wa Liwale walihamishwa kutoka katika vijiji vya babu zao, sababu iliyotajwa ikiwa ugonjwa wa malale. Makaburi, miembe na mashamba yao yakabaki kwa tembo. Wale wanaoitetea hifadhi leo, nasi tu pamoja nao, wasisahau kwamba hifadhi hiyo ilijengwa juu ya jasho na machozi ya watu. Haikuwa nchi tupu.

Mwaka 1982 Shirika la UNESCO liliandika pori hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo kabla, katika miaka ya 1970, tembo waliohesabiwa katika nchi hiyo walikuwa yapata 100,000. Majangili wakaingia, wakaua kwa bunduki za kisasa, na kufika mwaka 2013 walikuwa wamebaki kiasi cha 13,000 tu. Mwaka 2014 pori likaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliyompata Selous akiwa kijana katika nchi ya Wandebele yalitokea tena, na safari hii katika pori lenye jina lake mwenyewe.

Ndani ya pori hilo mto Rufiji hupita katika korongo jembamba lenye kuta za mawe. Liliitwa Stiegler, kwa jina la Mzungu mmoja mpima nchi aliyeuawa na tembo mwaka 1907. Tangu zamani wahandisi walipalilia macho mahali hapo, kwa maana maji mengi yakibanwa penye njia nyembamba, kisha yakaachwa kushuka kwa nguvu, huzungusha mitambo ya umeme. Mwaka 1975 Serikali iliunda mamlaka ya kuliendeleza bonde la Rufiji, na uchunguzi mwingi ukafanywa kwa msaada wa Wanorwe. Lakini fedha hazikupatikana. Kazi yenyewe ilianza baada ya mkataba kutiwa sahihi na makampuni ya Misri mwezi Desemba 2018. Tarehe 26 Julai 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya pori, kilomita za mraba 30,893, ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mradi nao ukapewa jina la Mwalimu. Jina la Selous likabaki upande wa kusini.

Bwawa lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilomita moja na kimo cha zaidi ya mita 130. Mtambo wa kwanza ulitoa umeme mwezi Februari 2024, na mwaka 2025 yote 9 ikawa tayari, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Nguvu hizo zapita uwezo wa mitambo yote ya umeme iliyokuwapo nchini wakati jiwe la msingi lilipowekwa.

Tusiyadharau manufaa hayo. Mama anayejifungua usiku katika zahanati ya kijiji aijua thamani ya taa. Mwanafunzi anayesoma kwa kibatari, fundi seremala anayesubiri umeme urudi, mvuvi wa Nyamisati anayehitaji barafu ili samaki wake wasioze kabla hawajafika soko la Dar es Salaam, hao wote wana haki ya kutaka nchi yao iwe na nguvu za kutosha. Wageni wengine walipoupinga mradi huu walisema habari za tembo na miti tu, kana kwamba watu hawamo. Nchi zao zilikwisha kujenga mabwawa yao zamani. Si haki mtu aliyekwisha kushiba amzuie mwenye njaa asiwashe jiko.

Lakini si haki vilevile kusema kwamba mradi haukugharimu kitu. Miti iliyozabuniwa kukatwa mwaka 2018 katika eneo la bwawa ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 2. Mwaka 2021 ilipendekezwa pori lifutwe kabisa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ila Kamati haikukubali. Na huku chini, katika wilaya za Rufiji na Kibiti, kuna hesabu nyingine ambayo haisomwi sana London wala Paris. Mrufiji tangu kale hulima kwa kuyafuata maji. Mto ukifurika, huleta udongo mpya wenye rutuba. Maji yakishuka, hupanda kilimo cha mlau katika unyevu ulioachwa. Mashimo ya mto na maziwa ya pembeni hujazwa samaki na mafuriko hayohayo. Delta yenyewe, yenye mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, imejengwa kwa udongo ulioletwa na mto; maji matamu ndiyo yanayoirudisha nyuma chumvi ya bahari, na katika mizizi ya mikoko ndimo wanamokua kamba wachanga. Bwawa likizuia udongo, ukaanguka chini nyuma ya ukuta, bahari haingoji. Hula pwani kidogo kidogo, na chumvi hupanda mtoni.

Kisha kuna mafuriko yenyewe. Mwezi Aprili 2024, baada ya mvua kubwa mno, maji yalifunika vijiji na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Wananchi wengi waliamini kwamba maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowaangamiza. Serikali ikaeleza kwamba mvua zilizidi kipimo, na kwamba bila bwawa madhara yangekuwa makubwa zaidi. Ni kweli kwamba Rufiji ilifurika tangu zamani. Watu wanakumbuka mwaka 1968, na mwaka 2020 kabla bwawa halijajazwa. Lakini zamani mtu alimsikiliza mto. Sasa kuna mlango, na kuna mkono wa mtu unaoufungua. Mwenye kushika mlango ana wajibu ambao mvua haina: kutoa habari mapema, kwa maneno yanayoeleweka, mpaka kijiji cha mwisho.

Somo moja la karibu lipo tayari katika bonde hilohilo la Rufiji. Katika maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 waligunduliwa vyura wadogo sana wa rangi ya dhahabu wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Waliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Kiwanda cha umeme kilipoyachukua maji mwaka 2000, manyunyu yakakoma. Wataalamu walijaribu kunyunyiza maji kwa mabomba, na vyura kama 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha kabisa. Ndipo watoto wa wale waliotunzwa wakarudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kuachwa tena Kihansi. Umeme tuliupata, na vyura hawakupotea kabisa duniani. Lakini tazama gharama na taabu ya kutengeneza kilichoharibika, nawe ulinganishe na gharama ya kukitazama kabla ya kuanza.

Basi maisha ya Selous yatufundisha nini? Hatudhani kwamba yanatufundisha kuchukia bunduki wala bwawa. Twaona mtu aliyechuma mali ya pori bila kipimo, akaiona ikikwisha, na miaka yake ya baadaye akajitahidi kuijua na kuitetea. Kipimo kilimjia akiwa amechelewa. Sisi tumepewa nafasi ya kuwa nacho mapema, kwa sababu bwawa letu ni jipya, na mikoko ya Nyamisati bado imesimama.

Kipimo hicho si jambo la siri. Wenye kuongoza bwawa waweza kuachia maji kwa majira, ili bonde lipate mafuriko madogo ya kulisha mashamba na maziwa, si maji yaleyale mwaka mzima kwa ajili ya mitambo tu, wala si ghafula ya kuangamiza. Wataalamu wawekwe Nyamisati na vijiji vya delta wapime chumvi, udongo na kamba mwaka baada ya mwaka, na majibu yasomwe hadharani katika mikutano ya vijiji. Wazee wa Rufiji waulizwe, kwa maana wao wanazijua tabia za mto ambazo hazimo katika vitabu. Na huko juu, wakulima na wafugaji wa Usangu, Kilombero na Ruaha watunze vyanzo vya maji. Bwawa lisilo na mto ni ukuta tu, kama Königsberg bila makaa.

Nasi wa majumbani tuna sehemu yetu. Ni aibu iliyoje, nchi iwe na megawati 2,115 za Rufiji, na barabara itokayo Kibiti kwenda Dar es Salaam iendelee kujaa magunia ya mkaa. Serikali imejiwekea lengo kwamba kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba. Litafikiwa umeme utakapokuwa rahisi kwa maskini, na baba wa nyumba atakapoona kwamba jiko la mkewe lastahili fedha kabla ya redio mpya. Msitu uliozama bwawani tumekwisha kuutoa. Tusiukate na ule uliobaki.

Yeye aliyelala Beho Beho hana tena la kufanya. Jua likizama katika mikoko ya Nyamisati, taa za umeme huwaka pwani, na mvuvi huingia majini na jarife lake. Twatamani mjukuu wa mvuvi huyo avikute vyote viwili.